Sweta la Marehemu Tuligawe?

SWALI: Kaka yangu, askari wa Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF), aliuawa kambi yao iliposhambuliwa El Adde, Somalia, tarehe 15 Januari 2016. Mama angali ametunza sweta lake sandukuni. Kila Januari hulitoa, akalinusa, akalia. Shangazi anasema tuligawe ndipo mama apone. Tufanyeje? – Msomaji, Mlolongo.

JIBU: Pole sana, dada. Liacheni. Shangazi ana nia njema, lakini anakosea.

Msiba wa El Adde haukuwa wa kawaida. Miili mingine iliungua hata ikabidi itambuliwe kwa vipimo vya DNA, na kwa miaka mingi serikali haikutangaza idadi kamili ya waliouawa. Familia iliyoagana na mwanawe namna hiyo hushika kile ilichobaki nacho. Kulia Januari si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani huangalia kama, baada ya miezi sita au zaidi, majonzi bado ni makali kupita desturi za jamii na yanamzuia mtu kuendelea na maisha. Je, mama anakula, analala, anaenda kanisani au chamani? Kama sivyo, mpelekeni kwa mshauri nasaha.

Sweta lenyewe lifungeni kwa shuka safi ya pamba, si mfuko wa plastiki unaoleta ukungu. Shuka italikinga pia na vumbi la malori ya hapo Mlolongo mnalolijua. Msilifue bila ruhusa ya mama. Harufu ikitoka hairudi.

Januari ijayo, shangazi aketi na mama, amwombe amsimulie habari za kijana.