Histeresisi ya Sumaku: Kuipima kwa Sakiti Sahili

Transfoma iliyotundikwa juu ya nguzo hunguruma usiku kucha, hata saa ambazo nyumba zote zimezima taa. Vilevile transfoma ndogo ya redio ikiachwa katika umeme bila kufanya kazi yoyote huwa na uvuguvugu. Joto hilo hutoka wapi, ilhali hakuna anayeutumia umeme? Sehemu kubwa ya jibu imo katika tabia ya chuma iitwayo histeresisi, nayo yaweza kupimwa katika maabara ya shule.

Maana ya histeresisi

Chuma kikiwekwa ndani ya koili yenye mkondo wa umeme hugeuka sumaku. Mkondo ukiongezwa, usumaku wake (B) huongezeka pamoja na ukali wa uga sumaku (H), hata chuma kikashiba. Mkondo ukirudishwa hadi sifuri, usumaku haurudi kwa njia ile ile uliyoijia: sehemu yake hubaki, nayo huitwa usumaku baki. Ili kuuondoa, ni lazima mkondo upelekwe kinyume. Ukali wa uga unaotosha kuuondoa huitwa uga wa kufutia. Mkondo ukiendelea kwenda na kurudi, grafu ya B dhidi ya H huchora kitanzi kilichofungika.

Tabia hii ilichunguzwa katika miaka ya mwanzo ya 1880 na Emil Warburg wa Ujerumani na James Alfred Ewing, Mskoti aliyekuwa akifundisha Tokyo. Ewing ndiye aliyeipa jina, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kubaki nyuma.

Sababu yake ni kwamba chuma kimegawanyika katika vieneo vidogo, kila kimoja kikiwa na mwelekeo wake wa sumaku. Uga unapobadilika, mipaka ya vieneo husogea, lakini hunaswa na kasoro zilizomo katika fuwele za chuma. Kuikwamua kunahitaji nishati, na nishati hiyo hugeuka joto.

Vifaa na sakiti

Kiini cha mabati membamba ya chuma cha transfoma huzungushiwa koili mbili: ya kwanza mizunguko 100, ya pili mizunguko 200. Tuseme urefu wa njia ya sumaku ndani ya kiini ni mita 0.20, na eneo la mkato wake ni mita za mraba 0.0004.

Koili ya kwanza huunganishwa kwa mfululizo na kikinza cha omu 1 kinachostahimili wati 5, kisha na umeme geu wa volti 12. Volteji ya kikinza hicho hupelekwa kwenye mlalo wa osiloskopu. Kwa kuwa volteji hiyo hulingana na mkondo, basi hulingana na H. Hapa volti 1 ni ampea 1, na H = 100 × 1 ÷ 0.20 = ampea 500 kwa mita.

Koili ya pili haitoi B moja kwa moja, bali hutoa volteji inayolingana na kasi ya kubadilika kwa B. Kwa hiyo volteji hiyo hujumlishwa kwa kikinza cha omu 100,000 na kapasita ya mikrofaradi 1 vilivyounganishwa kwa mfululizo. Kwa umeme wa herzi 50, kapasita hiyo hupinga mkondo kwa kiasi cha omu 3,200 tu. Mkondo basi huamuliwa karibu kabisa na kikinza, na chaji inayokusanyika katika kapasita hufuata B. Volteji ya kapasita hupelekwa kwenye wima wa osiloskopu. Volti 1 hapa ni B = 100,000 × 0.000001 ÷ (200 × 0.0004) = tesla 1.25.

Tahadhari. Kiini kisiunganishwe kamwe na umeme wa ukutani. Volti 12 zitoke katika transfoma ya kupunguzia yenye koili mbili zilizotengana. Transfoma ya koili moja, hata ikipunguza volteji, huacha waya wa hatari ukifika mezani, na kosa hilo laweza kuua. Ncha moja ya kikinza cha omu 1 na ncha moja ya kapasita huungwa pamoja kwenye ardhi ya osiloskopu.

Kusoma matokeo

Eneo la kitanzi ni nishati inayopotea katika kila mita ya ujazo ya chuma kwa kila mzunguko mmoja wa umeme. Osiloskopu ikipangwa volti 0.2 kwa sentimeta pande zote mbili, sentimeta moja ya mlalo ni ampea 100 kwa mita, na ya wima ni tesla 0.25. Kila sentimeta ya mraba basi ni juli 25 kwa mita ya ujazo. Tuseme kitanzi kina sentimeta za mraba 6: hizo ni juli 150. Ujazo wa kiini ni mita za ujazo 0.00008, hivyo kila mzunguko hupoteza juli 0.012, na mizunguko 50 kwa sekunde hupoteza wati 0.6.

Ikumbukwe kwamba kitanzi hiki kina pia upotevu wa mikondo inayozunguka ndani ya chuma chenyewe. Ndiyo sababu viini hutengenezwa kwa mabati membamba yaliyotenganishwa, wala si kwa pande moja la chuma.

Chuma kilichochanganywa na silikoni kidogo huwa na kitanzi chembamba, nacho hufaa kwa transfoma. Chuma cha pua kilichotiwa ugumu huwa na kitanzi kipana: ni hasara katika transfoma, lakini ni faida kwa sumaku ya kudumu, ambayo haipaswi kufutika kwa urahisi.

Shule isiyo na osiloskopu yaweza kutumia mkondo mnyofu, koili ndefu iliyolazwa mashariki-magharibi, na dira mbele ya ncha yake. Kwanza dira husomwa bila chuma, kisha msumari wa chuma ukiwa ndani. Mkondo ukipandishwa na kushushwa hatua kwa hatua, dira itaonyesha pembe mbili tofauti kwa mkondo ule ule.

Maswali

1. Kiini kikibadilishwa kwa kipande cha mti, kitanzi kitakuwaje? Eleza sababu.
2. Kikinza cha omu 100,000 kikibadilishwa kwa cha omu 1,000, kwa nini mchoro hautakuwa wa kuaminika?
3. Transfoma hupoteza wati 0.6 katika kiini. Itapoteza kilowati-saa ngapi kwa mwaka mzima ikiwa haizimwi?