Dondoo muhimu: Viungo vya nyaya za taa visizikwe darini

Nyumba nyingi za Kisii na Nyamira zimeezekwa mabati, kisha silingi ikapigwa bila hata kitundu cha fundi kupanda. Kiungo kikilegea humo, itabidi bodi ipasuliwe. Na mvua za huku hazina msimu wa kuaminika: bati likivuja, tepu pekee haizuii maji.

Mwambie fundi afikishe waya moto, nyutro na athi kwenye rozi (kiunganishi chenye kifuniko kinachofungwa kwenye silingi) ya kila taa, kisha ashushe waya wa swichi kutoka hapo. Viungo vyote vitakaa ndani ya rozi. Taa ikianza kupepesa unazima breka, unafungua kifuniko na kukuta skrubu iliyolegea, mara nyingi na plastiki iliyoungua kidogo pembeni. Penye dari la zege, afadhali viungo viwe ndani ya boksi la swichi. Ila nyutro nayo ifikishwe huko.

Swichi ikate waya moto, si nyutro, la sivyo holda hubaki na volti 240 hata taa ikiwa imezimwa. Waya mweusi au wa bluu ukitumika kurudisha moto kutoka kwenye swichi, uzungushiwe tepu nyekundu au ya kahawia. Wengi hupuuza hili, na fundi wa pili ndiye hupigwa shoti.

Nyaya za taa: milimita za mraba 1.5, breka ya ampea 6 au 10. Fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli nchini Kenya. Piga picha za nyaya kabla silingi haijafungwa.