Msome Mbunge Wako Kwenye Hansard

Ukikaa kijiweni Kalangalala, katikati ya mji wa Geita, utasikia kila mwanasiasa aliyewahi kupita hapa akisifiwa kwamba alipigania wachimbaji wadogo, alipigania fidia, alipigania maji. Haiwezekani wote wakawa walipigana sawasawa. Mpiga kura anayetaka kujua ukweli hana haja ya kubishana hadi jioni, kwa sababu maneno yanayosemwa ndani ya ukumbi wa Bunge huandikwa na kuhifadhiwa. Kumbukumbu hizo ndizo Hansard, na ziko kwenye tovuti ya Bunge. Anayezitaka anahitaji simu, bando na uvumilivu kidogo.

Mfano nitakaoutumia ni rekodi ya Zitto Kabwe, aliyekuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini kuanzia 2005 hadi 2015, kisha Kigoma Mjini hadi 2020. Nimemchagua kwa sababu mbili. Sehemu kubwa ya kazi yake inagusa dhahabu ya ukanda wetu huu wa Geita na Shinyanga. Halafu hajawahi kuwa mbunge wetu, na ni rahisi kujifunza kupima kwa mtu ambaye humdai barabara.

Anza na jambo moja, usianze na jina la mtu. Ukitafuta jina peke yake utapata mamia ya kurasa za salamu na pongezi. Chagua jambo linalokuuma: mrabaha, fidia ya walio ndani ya vigingi vya leseni ya mgodi, kodi za wachimbaji wadogo, mimba za wanafunzi. Kisha tafuta mwaka ambao jambo hilo lilikuwa moto. Hapo ndipo uingie kwenye Hansard za mwaka huo, ufungue faili la siku husika na kulitafuta neno lako ndani yake.

Tuseme jambo lako ni mikataba ya madini. Mwaka uliokuwa moto ni 2007. Mwezi Februari mwaka huo, aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alisaini mkataba wa mgodi wa Buzwagi, ulioko Kahama mkoani Shinyanga, na kampuni ya Barrick. Alisaini akiwa London, wakati serikali ilikuwa imetangaza kwamba inapitia upya mikataba ya madini. Zitto, kijana wa upinzani aliyekuwa hajamaliza hata miaka miwili bungeni, alipeleka hoja binafsi akitaka iundwe kamati teule ichunguze. Hoja ilikataliwa, naye akaadhibiwa: Agosti 2007 alisimamishwa hadi Januari 2008, kwa madai kwamba alimsingizia waziri kusema uongo.

Ukiishia hapo utasema alishindwa. Usiishie hapo; songa mbele na miaka. Novemba 2007 Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na Zitto, akiwa bado anatumikia adhabu, aliteuliwa kuwa mjumbe. Kamati iliwasilisha ripoti 2008. Mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria mpya ya Madini, ambayo iliupandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4 na, kubwa zaidi kwa maoni yangu, ikaagiza ukokotolewe kwenye thamani ghafi badala ya kile kinachobaki baada ya kampuni kutoa gharama zake. Mwaka 2017 sheria ilirekebishwa tena, mrabaha ukafika asilimia 6 na serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa bila kuzilipia. Huwezi kusema mabadiliko yote hayo ni ya mtu mmoja. Wanaharakati, wananchi waliohamishwa kupisha migodi, wabunge wengine na hatimaye serikali yenyewe walikuwa na mkono wao. Lakini unaweza kuonyesha nani alisema mapema, siku ambayo kusema kulikuwa na gharama. Tarehe ndiyo shahidi wako. Mbunge aliyeanza kulaani mikataba baada ya Ikulu kuilaani, msifu kwa kuunga mkono. Usimpe sifa ya kuanzisha.

Kipimo hicho hicho kitumie kwa jambo la hapa kwetu. Mapema mwaka 2019 wachimbaji wadogo walifutiwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na Machi mwaka huo soko la dhahabu la Geita likafunguliwa. Wenye maduara na wenye makarasha wanajua nafuu waliyoipata. Wanasiasa wengi pia wanaisimulia kama kazi yao. Fungua Hansard za 2016, 2017 na 2018, utafute “wachimbaji wadogo” pamoja na “kodi”, uone nani alizisema kodi hizo kwa majina na viwango kabla Rais hajazisema.

Sasa ukurasa wenyewe. Jina la msemaji liko kwa herufi kubwa, likifuatwa na “Mheshimiwa Spika, nakushukuru kwa kunipa nafasi”. Katikati kuna mabano: makofi, kicheko, au maelezo kwamba kengele ililia kuashiria muda wa mzungumzaji umekwisha. Makofi yasikushughulishe. Soma kwanza sentensi ya mwisho. Utakuta wabunge wengi wanaoichambua bajeti ya wizara kwa ukali, wanataja vijiji visivyo na maji, wanamwambia waziri hatutakuelewa, halafu wanamaliza: naunga mkono hoja. Si kosa kuunga mkono. Bajeti ikikwama na zahanati inakwama. Lakini aliyelalamika na kuunga mkono pasipo sharti lolote amemwachia waziri aondoke bila deni lolote.

Anayetaka jibu anayo njia, nayo ni kushika shilingi. Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi na kufika kwenye fungu la mshahara wa waziri, mbunge anaweza kutoa hoja ya kuondoa shilingi ili jambo lake lijadiliwe kwanza. Hapo tafuta mambo mawili: alishika shilingi kwa jambo gani, na aliirudisha baada ya kuahidiwa nini. Mbunge akirudisha shilingi kwa ahadi yenye tarehe na kiasi cha fedha, hiyo imekuwa deni, na mwaka unaofuata unaweza kuangalia kama aliidai. Akiirudisha kwa “tutalifanyia kazi”, andika hivyo hivyo kwenye daftari lako.

Maswali nayo yana uzito tofauti. Swali la “ni lini serikali itajenga” hujibiwa kwa “fedha zikipatikana”. Swali linalotaja kiasi, mwaka wa fedha na jina la mradi humbana waziri atoe takwimu. Angalia zaidi maswali ya nyongeza, kwa kuwa swali la msingi huandikwa mapema na pengine kwa kusaidiwa, lakini la nyongeza huulizwa papo hapo na huonyesha kama mbunge analijua jambo lake. Michango kwa maandishi huchapishwa pia. Ihesabu, ingawa haina uzito sawa na neno lililosemwa mbele ya waziri.

Kuhusu kura, usitarajie kukuta orodha ya nani alipiga nini kwenye kila sheria. Mara nyingi Bunge huamua kwa sauti, na Spika hutangaza kwamba waliosema ndiyo wameshinda. Bajeti kuu ya mwezi Juni ndiyo hupigiwa kura kwa kuita jina la kila mbunge. Hapo unaweza kuona kura ya mbunge wako.

Kazi nyingi nzito hufanyika kwenye kamati, mbali na kamera, na wapiga kura wachache huzifuatilia. Zitto aliongoza Kamati ya Hesabu za Mashirika ya Umma, baadaye Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC. Novemba 2014 yeye na makamu wake Deo Filikunjombe, mbunge wa CCM, waliongoza PAC kuleta bungeni taarifa ya uchunguzi wa fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow. Ndani ya miezi michache Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu, Waziri Anna Tibaijuka akaondolewa, na Waziri Sospeter Muhongo naye akajiuzulu. Kwangu mimi huu ndio ukurasa wenye nguvu kuliko yote katika rekodi yake, kwa sababu mpinzani na mtu wa chama tawala walisimama na hesabu moja mkononi. Muulize mbunge wako yuko kamati gani, kisha usome taarifa ya kamati hiyo.

Usisome upande unaoupenda tu. Januari 2020 Zitto aliiandikia Benki ya Dunia akiiomba isitishe mkopo wa elimu wa dola milioni 500, kupinga zuio la wasichana waliopata mimba kurudi shuleni. Wapo waliomwona mtetezi wa mabinti, wapo waliomwona anayewanyima watoto madarasa. Mkopo uliidhinishwa Machi mwaka huo. Zuio likaondolewa Novemba 2021. Mimi naona lengo lake lilikuwa la haki na njia aliyopita ilikuwa na gharama kwa watoto wengine. Wewe unaweza kuona tofauti. Cha msingi, tenganisha msimamo na njia, uvipime vyote viwili.

Ukimaliza Hansard, rudi nyumbani. Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, husimamiwa na kamati ambayo mwenyekiti wake ni mbunge mwenyewe, kwa hiyo hapo hawezi kusema aliangushwa na waziri. Omba halmashauri ikuonyeshe miradi iliyopata fedha hizo kwa mwaka, kisha nenda ukaione kwa macho. Fedha za mgodi za kusaidia jamii zina utaratibu wake: tangu 2017 sheria inautaka mgodi uandae mpango na halmashauri iuridhie, na vikao vya Baraza la Madiwani ni vya wazi. Darasa au kisima kilichojengwa kwa fedha hizo ni stahili ya wananchi, hata kama kimebandikwa jina la kiongozi.

Usimdai mbunge asichokuwa na mamlaka nacho. Hajengi lami kwa mkono wake wala hasaini leseni. Anauliza, anatunga sheria, anaidhinisha na kukagua matumizi.

Kabla ya mkutano wake ujao hapa Kalangalala, nenda steshenari uchapishe ukurasa mmoja tu wa Hansard wenye jina lake na jambo lako, upigie mstari ahadi ya waziri, kisha usimame uulize: Mheshimiwa, uliahidiwa hivi tarehe hii, umefuatilia mara ngapi, na umejibiwa nini?