Mwonyeshe Mfamasia Unavyovuta Pampu

Mgonjwa wa pumu akiulizwa kama anajua kutumia pampu, hujibu "najua" na kuondoka na dawa yake. Mfamasia makini haishii hapo. Husema, "Hebu nionyeshe unavyovuta, mama," na kasoro hujitokeza papo hapo: hakutikisa, au amebonyeza kabla hajaanza kuvuta. Dawa huishia ulimini na kooni, kifua kikabaki kinabana, kisha lawama hupewa dawa.

Pampu ya kawaida ya salbutamol huvutwa hivi. Ondoa kifuniko, itikise, kisha toa pumzi mpaka iishe. Ibane kwa midomo pasipo kuacha mwanya. Anza kuvuta hewa kwa mdomo na hapo hapo ubonyeze mara moja, ukiendelea kuvuta taratibu mpaka kifua kijae. Zuia pumzi kwa sekunde 10, au kadiri unavyoweza. Kama umeandikiwa mbonyezo wa pili, ngoja nusu dakika, utikise tena. Kubonyeza mara mbili mfululizo ni kupoteza dawa na pesa. Pampu za unga ni kinyume kabisa: hizo huvutwa kwa nguvu na kwa haraka.

Mtoto mdogo hawezi kuoanisha kubonyeza na kuvuta, na watu wazima wengi pia huwashinda. Muulize mfamasia kuhusu spesa, chombo kinachokaa kati ya pampu na mdomo. Kama bei yake ni kubwa, akufundishe kutengeneza ya chupa ya plastiki ya mililita 500. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa kwa watoto ilifanya kazi sawa na ya kununua.

Pampu ya kinga, yenye dawa kama beklometasoni, hutumiwa kila siku kama ulivyoandikiwa, hata usipokohoa. Hiyo ndiyo ambayo watu huiacha upesi, kwa kuwa haileti nafuu papo hapo. Ukimaliza kuivuta, sukutua na uteme maji. Ukijikuta unahitaji salbutamol karibu kila siku, pumu yako haijadhibitiwa: rudi kwa daktari.

Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikibadilika rangi, mpelekeni hospitali mara moja, huku akiendelea kuvuta salbutamol njiani. Msingoje kupambazuke.