Nimechangiwa fedha za upasuaji, na bado nakula kwa siri

SWALI: Daktari, nina miaka 38, naishi Tabata, ni mama wa watoto watatu. Nina kilo 118 na urefu wa sentimita 160. Presha ninayo, na mwaka jana niliambiwa nina sukari. Ndugu zangu wamenichangia, na nimepangiwa upasuaji wa kupunguza tumbo wiki tano zijazo. Lakini tangu nipewe tarehe nakula kuliko zamani. Mchana najinyima, sili kitu mpaka jioni. Watoto wakishalala natoka kwenda kwa muuza chipsi, namwambia anifungie zege mbili za chipsi mayai, moja ya mume wangu. Mume wangu yuko kazini Dodoma. Nazila zote mbili nimesimama jikoni, halafu nalia. Nimejaribu chai za kupunguza mwili, niliwahi kuacha wanga kabisa. Zilitoka kilo 15, zikarudi 20. Nikishindwa na hili pia, ndugu zangu nitawatazamaje? Niahirishe?

JIBU: Barua yako nimeisoma mara tatu. Hiyo habari ya zege mbili ndiyo watu wengi huificha mpaka siku ya kulazwa, na wengine huendelea kuificha hata baada ya kupasuliwa. Wewe umeiandika. Hujaniambia kama daktari wako anaifahamu, na moyo unaniambia haifahamu.

Kwanza tuondoe neno moja njiani. Kiswahili kimejaa maneno ya kumsuta anayekula sana: mlafi, mroho, asiyeshiba. Neno la kumtaja kama mgonjwa ni gumu kulipata. Siku hizi tunasema uraibu, neno ambalo wazee walilitumia kwa tambuu, tumbaku na kahawa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitunga maswali ya kupima uraibu wa chakula, na mpaka leo wataalamu wanabishana kama ni ugonjwa unaojitegemea. Wasichobishania ni kile unachonieleza wewe: kula kingi kwa muda mfupi huku ukihisi huwezi kujizuia, kula peke yako kwa aibu, kisha kujichukia. Hali hiyo ikitokea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, imo kwenye orodha rasmi ya maradhi ya akili ya Marekani tangu 2013, na ina tiba. Mimi siwezi kukupima kupitia gazeti, lakini sioni ulafi katika barua yako. Kama baada ya kula huwa unajitapisha, au unakunywa dawa za kukufanya uharishe, liseme hilo hospitalini wiki hii, maana hapo matibabu hubadilika.

Sasa tazama siku yako ilivyo. Unashinda na njaa tangu asubuhi ili kulipia kosa la jana. Inapofika saa tatu usiku mwili una njaa ya kweli, umechoka, nyumba imetulia, mume hayupo. Mtu yeyote angeshindwa hapo. Kisha juu ya hayo kuna kuaga. Wengi wakishapewa tarehe huanza kukiaga chakula: chipsi za mwisho, pilau ya mwisho, soda ya mwisho, kila usiku mwisho mpya. Ni hofu ya kumpoteza rafiki aliyekufariji miaka mingi, na sitaki uionee haya.

Upasuaji wenyewe utakusaidia, na nasema hivyo bila kusita. Kipimo chako cha uwiano wa uzito na urefu kinafika 46, wakati mwongozo wa kimataifa wa 2022 unapendekeza upasuaji kuanzia 35. Katika upasuaji unaofanywa zaidi duniani, kiasi cha asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa tumbo hukatwa na kutolewa, kinabaki kimrija chenye umbo la ndizi. Pamoja na sehemu hiyo hupungua pia ghrelini, homoni inayoamsha njaa. Kwa hiyo miezi ya mwanzo wengi hushangaa: wanapita jikoni na hawaitwi na kitu.

Zege mbili hazitaingia tena kwenye kimrija hicho. Lakini soda itapita. Aiskrimu itapita. Andazi lililochovywa kwenye chai litateleza vizuri kabisa, na nusu saa baadaye kuna nafasi ya jingine. Uzito hurudi kwa njia hii, kidogo kidogo mchana kutwa, kwa mtu ambaye hali tena sahani kubwa na anajiona hana kosa. Kwa hiyo jiulize sasa, kabla ya kisu: ni nini kinanipeleka kwa muuza chipsi, njaa, upweke, au yale niliyoambiwa mchana? Kama ni njaa, upasuaji utakufaa sana. Kama ni upweke wa saa tatu usiku, huo utaukuta nyumbani ukitoka wodini.

Lipo pia jambo la usalama. Wiki za kwanza ni za vimiminika, halafu vyakula vilivyosagwa, halafu laini, mpaka kufikia chakula cha kawaida baada ya kama wiki sita hadi nane. Mshono wa tumbo ni mbichi. Anayekula chipsi kwa siri wiki ya pili hahatarishi kilo tu. Mshono ukivuja anaweza kupoteza maisha. Ndiyo maana nataka siri hii itoke mapema.

Kuhusu kushindwa: nadhani unangoja matokeo kama ya mtihani wa darasa la saba, kufaulu au kufeli mbele ya ukoo. Wengi hupungua robo ya uzito wao hadi karibu theluthi katika mwaka mmoja au miwili. Kwako ni kama kilo 30 hadi 35. Baada ya hapo uzito hupanda tena kidogo, na hilo ni la kawaida. Uchunguzi mkubwa ulioanza Sweden mwaka 1987 uliwafuata zaidi ya watu 2,000 waliopasuliwa: walifika chini kabisa mwaka wa kwanza au wa pili, wakaongezeka, kisha wakatulia, na bado vifo vilikuwa vichache kwao kuliko kwa wenzao ambao hawakupasuliwa. Waambie ndugu zako idadi hizo sasa, kabla hawajaanza kungoja dada mwenye kilo 60. Walichochangia ni matibabu ya presha na sukari yako. Mtu hadaiwi umbo na ndugu zake.

Wiki hizi tano, kitu cha kwanza ni kifungua kinywa. Najua kinaonekana ni ushauri wa kinyume. Kula asubuhi, mchana na jioni, na kitu kidogo katikati, usipitishe muda wa saa nne bila kula. Yai, maharage, samaki, mboga, ugali wa kiasi. Usiku ukizidiwa ukala, asubuhi yake kunywa chai na yai lako kama kawaida, usijiadhibu. Kuwa na daftari: umekula nini, saa ngapi, na nini kilitokea kabla. Saa tatu usiku mpigie mume wako.

Wiki mbili za mwisho huenda ukapewa chakula cha nguvu kidogo ili ini lisinyae na daktari apate nafasi ya kufanya kazi. Hapo usiendelee na dozi ileile ya dawa za sukari bila kuuliza, maana sukari inaweza kushuka vibaya. Na baada ya upasuaji jihadhari na pombe. Hulevya haraka kuliko zamani, na wapo waliohamisha faraja yao kutoka kwenye chakula kwenda kwenye chupa. Ukiona huzuni nzito inakuingia, hata kama kilo zinashuka, rudi hospitalini siku hiyohiyo.

Niahirishe? Hilo mtaamua wewe na timu yako, wao wakiwa wameyajua yote. Kula hivi si lazima kukufungie mlango. Wengi hupasuliwa huku wakiendelea kuonana na mtaalamu wa saikolojia. Wakikuomba miezi miwili zaidi, wape. Usikisie watakachosema. Barua uliyoniandikia, inakili kwa mkono wako, uipeleke kwa daktari wako kliniki ijayo, asome mwenyewe, na ile sehemu ya zege ya mume wako usiifute.