SOMO LA AFYA: Kukoroma Kunapokuwa Ugonjwa



Katika vikundi vingi tunavyotembelea kuna sheria hii: anayesinzia mkutanoni analipa faini. Sheria si mbaya. Lakini mara nyingi kuna mmoja ambaye hulipa kila mkutano na bado anasinzia. Watu humcheka na kumwita mvivu. Leo tunawaomba mjiulize: je, mwenzetu huyu anapumua vizuri usiku?

Ni ugonjwa gani?
Tunapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa watu wengine koo hujifunga kabisa hata hewa isipite. Mtu anakoroma kwa nguvu, halafu ghafla kimya. Kimya hicho ndicho cha kuogopa, maana pumzi imekatika kwa sekunde 10 au zaidi. Kisha anashtuka, anavuta hewa kwa kishindo kama aliyekuwa akizama majini, na kukoroma kunaanza tena. Kwa mgonjwa aliyezidiwa, haya hutokea mara 30 au zaidi kwa saa moja. Asubuhi hakumbuki lolote! Wataalamu huuita ugonjwa huu apnia ya usingizi. Si kurogwa, wala si uvivu.

Dalili zake
Mgonjwa hajijui. Shahidi ni yule anayelala naye chumba kimoja. Angalieni haya:

- Usiku: kukoroma sana, pumzi kukatika, kushtuka akitafuta hewa, kwenda haja ndogo mara kwa mara.
- Asubuhi: kichwa kuuma, mdomo mkavu, uchovu hata baada ya kulala saa nane.
- Mchana: kusinzia akikaa tu, kusahau, hasira za haraka.
- Mtoto: kukoroma kila usiku, kulala mdomo wazi, kukojoa kitandani, kutotulia darasani. Mara nyingi chanzo ni mafindofindo yaliyovimba.

Si kila anayekoroma ni mgonjwa. Hatari huzidi kwa mtu mnene, hasa mwenye shingo nene. Chukueni utepe wa fundi wa nguo: zaidi ya sentimita 43 kwa mwanamume au 41 kwa mwanamke ni onyo. Lakini hata mwembamba huweza kuugua, na kina mama pia, hasa baada ya hedhi kukoma.

Kwa nini tusidharau?
Ugonjwa huu hupandisha presha na kuuchosha moyo. Pia, anayesinzia akiwa kwenye usukani wa matatu, juu ya bodaboda au kando ya mashine ya kusaga, anaweza kujiua na kuua wengine. Miraa na chai kali haziponyi. Zinauficha usingizi tu.

Tufanye nini?
1. Anayelala naye amsikilize usiku, na aandike anayoyaona.
2. Waende pamoja kituo cha afya. Shahidi asiachwe nyumbani! Presha ipimwe.
3. Waombe barua ya kwenda hospitali kubwa, akaonwe na daktari wa masikio, pua na koo, au wa mapafu. Huko wataelekezwa mahali pa kupimwa usingizi.
4. Wakati wanangoja, mgonjwa alale kwa ubavu, apunguze uzito, aache pombe jioni, na asimeze dawa za usingizi bila daktari kujua. Kama anasinzia mchana, asiendeshe gari wala pikipiki.

Watu wazima wengi hutibiwa kwa mashine ndogo inayosukuma hewa kupitia barakoa, ili koo libaki wazi. Hutumiwa kila usiku na inahitaji umeme. Ni ghali, kwa hiyo ulizeni bei mapema, na kama bima inasaidia. Mtoto mara nyingi hupata nafuu akitolewa mafindofindo.

Maswali ya kujadiliana
- Katika kikundi chetu, nani husinzia sana? Tumewahi kumuuliza analalaje?
- Tuna madereva wangapi? Nani atazungumza nao?
- Mfuko wetu wa dharura unaweza kusaidia nauli na gharama za vipimo?

Kabla ya kudai faini nyingine, mtumeni mtu mmoja akaongee na mwenzenu huyo faraghani, pamoja na wa nyumbani kwake. Huenda anachohitaji ni barua ya hospitali.