Darsa la Ramadhani, Siku ya 17: Aliyebaki Nyumbani Siku ya Badri



Ndugu zangu wapendwa, leo ni tarehe 17 Ramadhani, siku ya Badri. Habari zenyewe mnazijua, kila mwaka tunazisoma: mwaka wa 2 Hijria, Waislamu mia tatu na kumi na kitu, maadui karibu elfu moja, na nusura ya Mwenyezi Mungu ikashuka. Leo sitazirudia. Nataka tumzungumzie mtu ambaye siku hiyo hakuwepo.

Lakini nianze na swali nililoulizwa. Mwenye swali ameniruhusu niliseme bila kumtaja jina, maana anaona huenda linamgusa na mwingine.

Juzi baada ya tarawehe alisubiri watu wapungue, akaja akakaa pembeni yangu. "Ustadhi, nina swali la itikafu." Miaka mitatu ananuia kuingia itikafu kumi la mwisho, hapati likizo. Mwaka huu amepata. Na wiki iliyopita majibu ya mkewe yametoka: saratani ya ngozi, aina inayoitwa melanoma, iko kwenye unyayo. Upasuaji umepangwa ndani ya kumi hilo hilo.

"Nikiingia itikafu nitamuombea usiku kucha. Nikibaki nyumbani nitamfanyia nini? Mimi si daktari."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Na lile doa alinionyesha tangu mwaka jana. Nikamwambia ni sugu tu hiyo, paka mafuta."

Mambo mawili hayo ndiyo darsa letu la leo.

*Aliyekosa Badri akaandikiwa Badri*

Mtume (s.a.w.) alipotoka Madina kwenda Badri, binti yake Sayyidatna Ruqayya (r.a.) alikuwa mgonjwa. Mumewe ni Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.). Uthman naye hakuwa tabibu. Mtume alimwamuru abaki amuuguze mkewe, akamwambia atapata ujira na fungu la mtu aliyehudhuria Badri. Na ikawa hivyo: katika ngawira Uthman alihesabiwa pamoja na waliopigana.

Ruqayya hakupona. Alifariki siku zile zile, na mjumbe aliyeleta Madina habari za ushindi aliwakuta watu ndiyo wametoka kumzika. Hebu tulitazame hilo vizuri. Kama thamani ya kuuguza ni mgonjwa kupona, basi Uthman alikosa vyote, vita na mke. Lakini ahadi ya Mtume haikuwekewa sharti la kupona. Uthman aliandikiwa ujira kwa sababu alibaki na mgonjwa wake.

Na watu walisema. Miaka mingi baadaye mtu mmoja alimwendea Abdullah bin Umar (r.a.) akitaka kumtia Uthman dosari: si kweli kwamba hakuwepo Badri? Ibn Umar akakubali kuwa hakuwepo, kisha akamweleza sababu. Kwa hiyo ndugu yangu, ukibaki na mgonjwa wako na watu wakasema "mbona siku hizi haonekani msikitini", umetanguliwa na mtu bora kuliko wewe na mimi.

Jibu langu kwa ndugu yetu lilikuwa fupi: baki. Itikafu ni sunna, tena sunna kubwa. Mkeo anayeingia chumba cha upasuaji ni amana iliyo shingoni mwako. Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe mwaka mmoja aliiacha itikafu ya Ramadhani, kwa sababu nyingine, akaifanya siku kumi ndani ya Shawwal. Kwa hiyo nafasi bado ipo.

*Tuujue ugonjwa wenyewe*

Wengi wetu tukisikia saratani ya ngozi tunafikiri ni maradhi ya Wazungu na jua. Melanoma huanzia kwenye chembe zinazoipa ngozi rangi yake. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi si ugonjwa wa kawaida, lakini ukitokea, mara nyingi hutokea mahali ambapo jua halipigi sana: nyayo, viganja, chini ya kucha. Yule mwanamuziki wa Jamaika, Bob Marley, yake ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, na ikadhaniwa ni jeraha la mpira. Alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36.

Kwa kuwa iko mguuni, mtu hudhani ni mwiba, sugu, chunjua, fangasi au kiatu kimebana. Miezi inapita.

Uthibitisho hupatikana kwa kipimo cha kinyama: hukatwa kipande kidogo kikapelekwa maabara. Jambo kubwa wanaloangalia ni imezama kiasi gani, na hupima kwa milimita. Ikiwa bado iko juu juu, kuikata pamoja na ngozi nzima inayoizunguka mara nyingi hutosha kuimaliza. Ikizama, inaweza kufuata tezi, na ikiwa ni mguuni tezi zenyewe ni zile za kinenani, pale panapotoka mtoki. Kutoka hapo inaweza kwenda mbali zaidi, na matibabu yanakuwa marefu na ghali. Kwa hiyo neno "saratani" peke yake halijakwambia hali ya mgonjwa wako. Subiri upate maelezo kamili kabla hujaanza kuhesabu siku za watu.

Na haiambukizi. Kula naye sahani moja, lala naye kitanda kimoja.

*"Mimi si daktari." Basi utafanya nini?*

Nasema na waume kwa sababu aliyeuliza ni mume. Kina mama, mume akiugua ni hayo hayo.

*1. Ingia naye ndani.* Usibaki kwenye benchi nje ukichezea simu. Mtu akiambiwa ana saratani, maneno yanayofuata hayasikii. Wewe yasikie kwa ajili yake. Chukua daftari, uandike kabla hamjaondoka nyumbani: Imezama kiasi gani? Tezi zimeangaliwa? Watakata kiasi gani, na ataweza kukanyaga lini? Baada ya upasuaji kuna dawa nyingine? Gharama ni kiasi gani, na bima inalipa nini? Usione haya kuuliza mara mbili. Mkipewa rufaa ya kwenda hospitali ya saratani kama Ocean Road pale Dar es Salaam, ulizeni siku hiyo hiyo ni karatasi gani za kubeba, ili msirudishwe.

*2. Mwache alie.* Sisi wanaume tuna haraka ya kusema "subira, huu ni mtihani". Ni kweli ni mtihani, lakini pengine unasema hivyo kwa sababu machozi yake yanakutisha wewe. Mtume (s.a.w.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Machozi si upungufu wa imani. Kaa naye. Ukikosa la kusema, mshike mkono.

*3. Habari ni zake.* Usimpigie dada yako, naye akampigia shangazi, jioni mtaa mzima unajua, na wa kwanza kufika anasema "huyu kachezewa". Muulize: nani ajue, na nani asijue kwa sasa? Kisha wewe uwe mlango. Wanaopiga simu wapokee wewe, yeye apumzike.

*4. Usiifanye saumu kuwa mzigo juu yake.* Qur'ani, Surat al-Baqara, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Na asiye na tamaa ya kupona kiasi cha kuweza kulipa, atalisha masikini kwa kila siku. Daktari akisema ale na anywe dawa mchana, ale. Kazi yako ni kumlinda na maneno ya watu, maana kuna mama atajilazimisha kufunga siku ya tatu baada ya kutoka wodini, kisa mawifi wako sebuleni. Mwambie mbele yao kwa upole: "Mama, njoo unywe uji wako." Hapo umemaliza maneno.

*5. Ingia jikoni.* Ni Ramadhani na yeye hawezi kusimamia mguu. Nani atamenya mihogo? Nani ataamka kupasha daku ya watoto? Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume akiwa nyumbani hufanya nini, akajibu kuwa alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake kazi zao. Tambi zako zikiungua, zitaliwa hivyo hivyo. Yeye akiziona atajua kwamba nyumba haijamngoja apone ndipo iendelee.

*6. Utazame mguu wake.* Hili ni zito, na wengi hatulisemi. Huenda akabaki na kovu kubwa kisiginoni, au akapoteza kidole. Atauficha chini ya kanga. Anaogopa maumivu, na anaogopa macho yako. Kuna neno ambalo huenda hatalitamka kamwe: "Je, utaoa mwingine?" Usingoje aulize. Jifunze kwa muuguzi namna ya kusafisha kidonda, ukisafishe mwenyewe, uso wako ukiwa wa kawaida. Akiona hukukunja uso, ataamini kuliko ukimwambia maneno mia.

*7. Dua pamoja na hospitali.* Msomee, muombee kabla ya kufuturu na wakati wa daku. Lakini anayekwambia "acheni kisu, nitamsomea tu" anakupotezea muda, na ugonjwa huu muda ni mali yake. Mtume alituhimiza tutafute tiba, akatufundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na dawa yake.

*"Nikamwambia ni sugu tu"*

Hili ndilo lililokuwa likimla ndugu yetu hasa. Na nadhani ndiyo maana alitaka kwenda kukaa msikitini. Si rahisi kukaa chumba kimoja na mtu unayedhani umemkosea.

Mtume (s.a.w.) ametukataza kung'ang'ana na "lau ningefanya hivi", kwa sababu neno hilo linamfungulia shetani kazi. Haina maana kwamba hukukosea. Ina maana kwamba kosa lipeleke panapostahili. Nilimwambia: mwombe radhi, leo, kwa maneno ya wazi. "Mama watoto, ulinionyesha na sikukusikiliza. Nisamehe." Usimwongezee "lakini". Usilie mpaka yeye ndiye akubembeleze. Ukishamaliza, geuza majuto yako yawe kazi: hiyo ya daftari, ya uji, ya kusafisha kidonda. Akikwambia amekusamehe, kubali. Akikwambia bado ana hasira, kubali vilevile, na ubaki.

Na wewe mwenyewe utachoka. Tafuta mtu mmoja wa kumwambia ukweli, awe kaka yako, rafiki au imamu wako. Anayeuguza naye ni mwanadamu.

*Sisi jirani na jamaa*

Mkijua nyumba yenye mgonjwa, pelekeni futari bila kungoja kuombwa, na vyombo msivifuate kesho yake. Kumzuru mgonjwa ni sunna, lakini kaeni kidogo muondoke, na msimsimulie fulani aliyeumwa hivyo hivyo akafa. Wenye zaka: mtu aliyekuwa anajiweza mwaka jana, leo matibabu yamemmaliza, huenda amekwisha ingia katika wanaostahiki. Mwulizeni kwa siri, mumpe kwa siri.

Mwisho, jambo dogo la kuanza nalo leo. Sisi tunaosha miguu mara tano kwa siku, mpaka katikati ya vidole. Leo ukitawadha, tazama unyayo wako, kisha mtazamie mwenzio wako. Kuna doa jeusi linalokua, lenye kingo zisizo sawa au rangi zaidi ya moja? Kuna mstari mweusi chini ya ukucha unaopanuka, au weusi umetambaa hadi kwenye ngozi ya pembeni? Kuna kidonda kisichopona, kinachotoka damu? Alama nyingi si saratani, na wengine huwa na mistari kwenye kucha tangu zamani. Lakini kinachobadilika kionyeshwe hospitali, na kama kimeitwa sugu na hakiondoki, rudini mkaombe kiangaliwe tena. Na mwenzio akikwambia "hebu nitazamie hapa", weka simu chini utazame.

Kumi la mwisho linaingia, na kuna mtu hamtamwona katika safu. Mdhanieni vizuri, na mumtie yeye na mkewe katika dua zenu.

Ewe Mwenyezi Mungu, wape shifaa wagonjwa wetu, wape subira na wepesi wanaowauguza, wasamehe waliochelewa kusikiliza, na utuandikie sote ujira wa waliobaki kwa ajili Yako. Aamin.

Mtumie darsa hili mtu mmoja unayejua anauguza. Tukutane kesho inshaAllah, siku ya 18.

Wabillahi tawfiq.